Mfundishe kwanza, kisha umpime

Alama za kipimo cha akili zinaweza kumfungia mgonjwa mlango wa shule na wa kazi. Kigali ina sababu zake za kuchagua njia nyingine.

Ukitoka katikati ya jiji la Kigali ukaelekea mashariki, ukaupita uwanja wa ndege wa Kanombe, unafika Ndera, wilayani Gasabo. Hapo ndipo ilipo hospitali kubwa ya magonjwa ya akili nchini Rwanda, iliyoanzishwa na Mabruda wa Upendo, shirika la Kikatoliki lililozaliwa Ghent, Ubelgiji, mwaka 1807. Ilianza kupokea wagonjwa mwaka 1972, na mpaka leo mtu akisema fulani amepelekwa Ndera, msikilizaji haulizi anaumwa nini.

Ndugu anayemleta mgonjwa hapo hana maswali mengi siku za mwanzo. Anataka mtu wake alale usingizi, ale, aache kujibizana na sauti ambazo wengine hawazisikii. Dawa zikishafanya kazi na mgonjwa akatulia, maswali hubadilika. Je, atarudi shule? Ataweza kusimamia duka la mama yake? Tumlipie ada ya mwaka mwingine, au tumwache akae nyumbani tu?

Maswali hayo hayajibiwi na dawa. Yanahusu akili ya mtu na uwezo wake wa kujifunza, na jibu lake huamua maisha yake kwa miaka 40 au 50 ijayo. Kijana wa miaka 20 akishaandikwa kwenye faili kuwa uwezo wake ni mdogo, nani atamrudisha darasani? Nani atampa cherehani, ng'ombe wa kutunza, au nafasi ya kujifunza kompyuta?

Mgonjwa wa akili hastahili kuhukumiwa kwa alama alizopata siku moja mezani kwa mtaalamu. Afundishwe jambo, kisha ipimwe hatua aliyopiga kutoka alipokuwa hadi alipofika baada ya kufundishwa. Njia hiyo ipo, imefanyiwa utafiti kwa zaidi ya nusu karne, na mmoja wa waasisi wake aliipata alipokuwa akiwahudumia watoto walionusurika mauaji ya kimbari.

Mmoja kati ya watano

Ukubwa wa jambo hili unaonekana katika utafiti wa kitaifa wa afya ya akili wa mwaka 2018, uliosimamiwa na taasisi ya taifa ya afya, RBC. Uligundua kuwa asilimia 20.5 ya wananchi, yaani mtu mmoja kati ya watano, walikuwa na tatizo moja au zaidi la afya ya akili. Miongoni mwa manusura wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, kiwango kilifika asilimia 52.2. Sonona ilikuwa asilimia 12 kwa wananchi wote na asilimia 35 kwa manusura. Kiwewe cha kudumu kilikuwa asilimia 3.6 kwa wote, lakini asilimia 27.9 kwa manusura. Wengi walijua huduma zinapatikana wapi, asilimia 61.7, lakini waliowahi kuzitumia walikuwa asilimia 5.3 tu.

Magonjwa haya yote yanagusa kujifunza. Sonona humfanya mtu afikiri polepole na kumkatisha tamaa kabla hajajaribu. Kiwewe huvuruga usingizi na umakini; mtu anasoma ukurasa mzima asikumbuke mstari mmoja. Skizofrenia, ambayo ndiyo huwatisha watu zaidi, kwa kawaida huanza kati ya mwisho wa ujana na katikati ya miaka ya 20. Kwa Mnyarwanda, huo ndio wakati wa mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, au wa mwaka wa kwanza chuoni. Kwa hiyo wengi wanaofika hospitalini wamebeba pia kovu bichi la kufeli. Walimu wamekwisha kusema hawana akili, na wao wenyewe wameanza kuamini.

Kipimo kilivyoanza

Kipimo cha kwanza cha akili kama tunavyokijua kilitolewa Paris mwaka 1905 na Alfred Binet akisaidiana na daktari Théodore Simon. Shabaha ilikuwa kuwatambua watoto waliohitaji msaada wa pekee shuleni. Binet mwenyewe aliamini kuwa akili inaweza kufanyishwa mazoezi ikakua, na aliwapinga waliosema kuwa ni kiasi kisichobadilika. Alifariki mwaka 1911. Kipimo chake kilivuka bahari kikaenda Marekani, na huko ndiko alama ilikogeuzwa kuwa muhuri wa maisha.

Mwaka 1939 David Wechsler, mwanasaikolojia wa hospitali ya Bellevue jijini New York, alichapisha kipimo cha watu wazima. Bellevue ilijulikana sana kwa wodi zake za magonjwa ya akili, kwa hiyo kipimo hiki, ambacho matoleo yake mapya yanatumika duniani hadi leo, kilikulia miongoni mwa wagonjwa. Mtu anaulizwa maana za maneno na habari za dunia, anafanya hesabu za kichwani, anarudia tarakimu kwa kwenda mbele na kurudi nyuma, na anapanga vipande vya rangi vifanane na picha huku saa ikihesabu.

Kipimo cha namna hiyo kina faida kubwa. Kinaweza kumwonyesha mtaalamu kwamba mgonjwa amepoteza kumbukumbu lakini lugha yake ni nzima, au kwamba pigo la kichwa limegusa upande fulani wa ubongo. Madhara huja pale alama yake inapochukuliwa kuwa ndiyo mtu mwenyewe, na pale kinapohamishwa kutoka New York hadi bonde la Nyabarongo kana kwamba watu wote wamelelewa nyumba moja.

Nchi zilizopimwa vichwa

Afrika Mashariki inalijua jambo hili kwa uchungu. Katika miaka ya 1930, H. L. Gordon, daktari aliyehudumu katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, alieneza madai kuwa ubongo wa Mwafrika ni duni kwa maumbile. Mwenzake, F. W. Vint, alikuwa akipima mizani bongo za marehemu ili kuyapa madai hayo sura ya sayansi. Baadaye J. C. Carothers, daktari wa kikoloni aliyeiongoza Mathari kuanzia mwaka 1938, aliandika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, akimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Watu waliokuwa wagonjwa, wengi wao maskini na waliofungiwa mbali na kwao, ndio waliotumiwa kuwapimia mamilioni ya wazima ambao daktari hakuwahi kuzungumza nao kwa lugha yao.

Rwanda nayo ilipitia yake. Wakoloni wa Kibelgiji walipima pua na vichwa, wakadai kuwa kabila moja limezaliwa na akili ya kutawala na jingine na mikono ya kulima, na katika miaka ya 1930 wakaandika kabila la kila mtu kwenye kitambulisho. Nafasi za shule zilifuata mgawanyo huo. Mwaka 1994 kitambulisho hichohicho kiliamua kwenye vizuizi vya barabarani nani aishi na nani afe. Hospitali ya Ndera haikupona. Watu waliokuwa wamekimbilia humo waliuawa Aprili mwaka huo.

Yeyote anayepima akili ya mtu Kigali leo anaifanya kazi hiyo katika nchi iliyoona mwisho wa kumgeuza mtu kuwa alama kwenye kadi. Kumbukumbu hiyo peke yake inatosha kudai uangalifu.

Siku ya kipimo

Tumchukue kijana wa kufikirika wa miaka 22, mwenye skizofrenia, aliyelazwa wiki 3. Anaitwa apimwe. Asubuhi hiyo amekunywa haloperidoli, dawa inayotuliza sauti lakini inayoweza kukaza misuli na kuitetemesha mikono. Anapewa vipande vya rangi avipange haraka. Mikono inachelewa, alama inashuka. Anaambiwa arudie tarakimu 6 kinyumenyume, na sauti iliyobaki kichwani inamnong'oneza katikati ya tarakimu. Alama inashuka tena.

Mwenzake ana kifafa, ugonjwa ambao Ndera huutibu pia, naye anatumia fenobabito, dawa inayozuia degedege lakini yenye kuleta usingizi na uzito wa kufikiri. Wa tatu ana sonona. Kila swali analijibu sijui, kwa sababu kujaribu kwenyewe kumemchosha. Mezani mwa mtaalamu wote watatu wanaweza kupata alama ileile. Sababu zao ni tatu tofauti, tiba zao ni tatu tofauti, na kesho zao ni tatu tofauti.

Kisha kuna lugha. Mnyarwanda aliyesoma shule ya msingi kabla ya mwaka 2008 huenda alifundishwa kwa Kifaransa. Mwishoni mwa mwaka huo serikali iliamua Kiingereza kichukue nafasi hiyo, na wengine walibadilishiwa lugha wakiwa njiani. Familia zilizorudi kutoka Uganda zilikuja na Kiingereza, zilizorudi kutoka Congo na Burundi zilikuja na Kifaransa na Kiswahili, na waliotoka Tanzania walikuja na Kiswahili. Nyamirambo, mtaa wa kale wa Waislamu wa Kigali, Kiswahili ni lugha ya barazani, na tangu mwaka 2017 ni lugha rasmi ya nchi. Nyumbani kwa wengi ni Kinyarwanda. Ukimuuliza mtu wa historia hiyo maana ya neno la Kifaransa au la Kiingereza, unapima safari ya familia yake.

Kwingineko Afrika, watafiti walikutana na somo hilohilo. Robert Serpell aliwapa watoto wa Lusaka na wa Manchester kazi ya kunakili maumbo. Kwa penseli na karatasi watoto wa Manchester waliongoza. Kwa waya, ambao watoto wa Zambia huutengenezea magari ya kuchezea, wa Lusaka wakaongoza. Kwa udongo wa kufinyanga walikuwa sawasawa. Nchini Liberia, Joseph Glick alimpa mkulima wa Kikpelle vitu avipange makundi. Mkulima akaweka kisu pamoja na chungwa, kwa kuwa kisu ndicho kinachokata chungwa, akasema hivyo ndivyo afanyavyo mwenye busara. Alipoulizwa mpumbavu angepangaje, akavipanga kama kitabu cha mtafiti kilivyotaka: vyakula huku, vifaa kule. Uwezo alikuwa nao tangu mwanzo. Kilichokosekana ni swali sahihi.

Somo kutoka kwa watoto walionusurika

Reuven Feuerstein alizaliwa Botoșani, Romania, mwaka 1921, katika familia ya Kiyahudi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alifundisha jijini Bucharest watoto ambao wazazi wao walikuwa wamechukuliwa. Mwaka 1944 alifika Palestina. Baadaye alifanya kazi na Youth Aliyah, shirika lililowapokea watoto na vijana wa Kiyahudi waliotoka katika makambi ya Ulaya baada ya mauaji ya Wayahudi, na baadaye wale wa Afrika Kaskazini, likiwaandaa kwa maisha mapya nchini Israel.

Watoto hao walipopewa vipimo vya kawaida, wengi walipata alama za watu wenye ulemavu wa akili. Walikuwa wameona wazazi wakiuawa, hawakuwa wamekanyaga darasani kwa miaka, na lugha zao zilikuwa zimechanganyika. Feuerstein alikataa kuamini kuwa kizazi kizima kilizaliwa bila akili. Alikwenda Geneva, akasoma kwa Jean Piaget na kwa André Rey, ambaye tangu mwaka 1934 alikuwa ameandika kuhusu njia ya kupima uwezo wa mtu wa kufundishika. Jijini Moscow, katika miaka hiyohiyo ya 1930, Lev Vygotsky naye alikuwa ameeleza kuwa tumtazame mtoto kwa anachoweza kufanya akisaidiwa leo, kwa kuwa hicho ndicho atakachofanya peke yake kesho.

Feuerstein aliyageuza mawazo hayo kuwa kazi ya vitendo. Mpimaji alihama upande wa pili wa meza akaketi karibu na mtoto. Alitoa zoezi, akatazama mtoto anakwama wapi. Hakuridhika na kuandika kosa. Alimwonyesha kanuni, akamfundisha kutulia na kulinganisha, kisha akampa zoezi jingine la jamii ileile, gumu kidogo kuliko la kwanza. Mwishoni hakuandika alama pekee. Alieleza mtoto anajifunza kwa njia gani, anahitaji msaada kiasi gani, na kilichofundishwa kimebaki kiasi gani. Alieleza mfumo huo katika kitabu chake cha mwaka 1979, na aliendelea na kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 2014.

Msomaji wa Kigali hahitaji kuelezwa kwa nini habari hii inamhusu. Mwaka 1995 watafiti waliwahoji watoto zaidi ya 3,000 nchini Rwanda, na wengi mno miongoni mwao walikuwa wameshuhudia mauaji na kuamini kuwa nao wangekufa. Wengine walibaki vichwa vya nyumba: mtoto wa miaka 12 akiwalimia, akiwapikia na kuwaamulia wadogo zake. Mtoto huyo alikuwa akijifunza kila siku, lakini hakuna mtihani uliomuuliza alichojifunza. Leo ni mtu mzima, pengine mgonjwa wa kiwewe, na pengine faili lake bado linasema aliishia darasa la nne.

Rwanda imekwisha kupokea tunda moja la mti huo. Mwaka 2008 kijiji cha vijana cha Agahozo-Shalom kilifunguliwa Rubona, wilayani Rwamagana, kwa juhudi za Anne Heyman. Kilifuata mfano wa Yemin Orde, kijiji cha Israel kilichowapokea yatima wa mauaji ya Wayahudi. Kijiji cha kulelea yatima na kipimo cha kufundisha vilikomaa katika mazingira yaleyale, kwa watoto walewale. Kijiji kimepewa ardhi Rwanda. Kipimo nacho kinastahili chumba.

Kadi 64, mara tatu

Huenda mtu akasema: hayo ni ya watoto wenye kiwewe, lakini mgonjwa wa skizofrenia je? Kwa muda mrefu madaktari, wakifuata mafundisho ya Mjerumani Emil Kraepelin, waliuona ugonjwa huo kuwa ni kudhoofika kwa akili kusikorudi nyuma. Jibu la kutia moyo lilikuja pia kutoka Ujerumani, katika Chuo Kikuu cha Osnabrück, kwa Karl Wiedl na wenzake.

Walitumia kipimo cha kadi kinachojulikana sana. Mezani kuna kadi nne: pembetatu moja nyekundu, nyota mbili za kijani, misalaba mitatu ya njano, duara nne za buluu. Mgonjwa anapewa kadi nyingine moja moja aziweke chini ya mojawapo ya hizo. Haambiwi kanuni ni rangi, umbo au idadi. Anaambiwa tu umepata au umekosa. Akishapata mara 10 mfululizo, kanuni inabadilishwa kimyakimya. Wagonjwa wengi wa skizofrenia hukwama hapo, wakiendelea na kanuni ya zamani hata baada ya kuambiwa wamekosa mara kadhaa.

Wiedl alilifanya zoezi hilo mara tatu. Kadi 64 za kwanza, kama kawaida. Kadi 64 za pili, kila kadi ikifuatiwa na maelezo: umepata kwa sababu hii, umekosa kwa sababu ile. Kadi 64 za tatu, bila msaada tena. Yakaonekana makundi matatu. Wapo waliofanya vizuri tangu mwanzo. Wapo walioanza vibaya, wakafundishwa, wakapanda na kubaki juu. Na wapo walioanza vibaya na wakabaki hapohapo.

Kundi la pili ndilo linalotudai haki. Katika kipimo cha siku moja, watu hao na wale wa kundi la tatu hupata alama zilezile na kuandikiwa maneno yaleyale. Kumbe mmoja anaweza kufundishika leo hii, na mwingine anahitaji tiba zaidi au njia nyingine. Nchini Marekani, kundi la Michael Green katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, lilichapisha mwaka 2005 utafiti ulioonyesha kuwa uwezo huo wa kujifunza unahusiana na jinsi mgonjwa wa skizofrenia anavyojifunza ujuzi wa kazi. Mapema zaidi, mwaka 1996, Green alikuwa ameonyesha kuwa kumbukumbu na umakini wa mgonjwa huamua maisha yake ya kila siku kuliko hata sauti na njozi zinazotushtua sisi wazima.

Bagamoyo ilikwisha jaribu

Asiseme mtu kuwa haya ni mambo ya Ulaya tu. Bagamoyo, pwani ya Tanzania, Robert Sternberg na Elena Grigorenko wakishirikiana na wataalamu wa Kitanzania waliwapima watoto wa shule kwa njia hii, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Watoto walipewa mazoezi ya kupanga vitu, ya hoja za mantiki, na ya kubashiri jambo kwa kuuliza maswali machache. Kisha walifundishwa mbinu kwa muda mfupi na kupimwa upya. Alama zilipanda, na mpangilio wa nani yuko juu na nani yuko chini ukabadilika. Alama za baada ya kufundishwa zilieleza uwezo wa mtoto katika mambo mengine vizuri kuliko zile za kwanza.

Usenge, magharibi mwa Kenya kando ya Ziwa Victoria, Sternberg na wenzake walipima ujuzi wa watoto kuhusu dawa za mitishamba za kutibu minyoo na maradhi mengine ya kwao. Watoto waliojua dawa nyingi hawakuwa ndio wenye alama za juu katika vipimo vya aina ya shule. Mara nyingi mambo yalikuwa kinyume. Na katika Congo ya Kibelgiji, André Ombredane alionyesha mwaka 1956 kuwa kipimo cha picha za mifumo kikirudiwa kwa watu walewale, alama hupanda, hata bila darasa rasmi. Mara ya kwanza kipimo kinaonyesha uwezo wa mtu wa kuielewa hali ngeni. Akili yake huanza kuonekana mara ya pili na ya tatu.

Mipaka ya njia hii

Njia hii ina udhaifu wake, na mgonjwa hatasaidiwa kwa kuuficha. Inachukua muda mrefu, na wataalamu wa saikolojia ni wachache kuliko wagonjwa. Mpimaji mmoja anaweza kusaidia sana na mwingine kidogo, hivyo msaada lazima uwekewe utaratibu ulioandikwa. Mgonjwa anaweza kupanda kwa sababu tu amezoea zoezi. Aliyeanza juu hana nafasi kubwa ya kupanda, kwa hiyo ukitazama ongezeko peke yake utamdhulumu.

Tena, wapo watu waliozaliwa na ulemavu wa akili, au walioumia ubongo, ambao watapiga hatua ndogo hata wakifundishwa kwa upole. Hao wana haki ya kusaidiwa kama walivyo, bila kulazimishwa waonyeshe maajabu. Hata kwao, kujua hatua ndogo iko wapi ni muhimu: anayeweza kujifunza kunywa dawa zake kwa saa, au kuhesabu chenji ya faranga 500, amepata sehemu ya uhuru wake.

Kigali ifanye nini

Mengi yanayohitajika yako karibu. Ndera ina kituo chake cha Icyizere, Kicukiro, na tawi Huye. Chuo Kikuu cha Rwanda kinafundisha wanasaikolojia. Huduma za afya ya akili zimeshushwa hadi hospitali za wilaya, na kila kijiji kina wahudumu wa afya wa jamii. Mwaka 2008 Rwanda iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, unaowataja wazi wenye matatizo ya akili na unaotambua haki yao ya elimu na kazi.

Vifaa vya kupimia navyo viko nyumbani. Michoro ya imigongo ya Kirehe, kwa weusi, weupe na wekundu wake, imejengwa kwa mifumo inayojirudia na kupinduka. Mtu anaweza kuonyeshwa mchoro uliopungua kipande akafundishwa kuusoma. Igisoro, bao la Wanyarwanda lenye mashimo 32 na kete 64, linapima kupanga mbele na kubadilisha shauri, mambo yaleyale yanayotafutwa kwenye kadi alizotumia Wiedl. Vitendawili vya ibisakuzo vinapima kufikiri kwa mafumbo kwa lugha ya mama. Wataalamu wa Kilifi, pwani ya Kenya, Amina Abubakar akiwa miongoni mwao, wamekwisha kuonyesha kuwa kipimo cha ukuaji wa watoto kinaweza kutengenezwa kwa vitu na desturi za wenyeji kikafikia ubora wa kitaalamu. Kinachofanyika Kilifi kinaweza kufanyika Kigali.

Zaidi ya vifaa, inahitajika nidhamu ya kazi. Mgonjwa asipimwe akiwa katika kilele cha ugonjwa. Lugha ichaguliwe na yeye. Karatasi ya majibu iandikwe alikunywa dawa gani, alilala saa ngapi, alisoma mpaka wapi na kwa lugha ipi. Apimwe, afundishwe, apimwe tena, na baada ya miezi kadhaa arudiwe. Ripoti inayokwenda kwa familia, shuleni au kwa mwajiri isiwe na tarakimu pekee. Iseme wazi: huyu akielekezwa hatua kwa hatua hujifunza, akiandikiwa hukumbuka kuliko akiambiwa, anahitaji muda wa ziada kwenye mtihani, aanze na nusu siku ya kazi.

Walimu wakuu wa shule wana sehemu yao. Mwanafunzi anayerudi kutoka hospitali asikalishwe nyuma akisubiri kufeli. Apewe wiki za kufundishwa kwanza, ndipo aingizwe kwenye mitihani. Waajiri nao wampe muda wa majaribio wenye mtu wa kumwelekeza, kwa kuwa muda wa majaribio usio na mwelekezaji unapima kilekile kilichopimwa siku ya kwanza hospitalini.

Wazee walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Walisema pia hujafa hujaumbika, na ugonjwa wa akili unaweza kubisha hodi nyumba yoyote ya Kigali, ya tajiri au ya maskini, ya profesa au ya mkulima. Kwa hiyo wewe mzazi, wewe kaka, wewe mke unayemsindikiza mgonjwa kliniki wiki ijayo, usikubali kuondoka na alama tu. Muulize mtaalamu: amefundishwa nini, amejifunza kiasi gani, kwa msaada upi, na lini atapimwa tena? Ni haki yako kuuliza, na ni haki ya mgonjwa wako kujibiwa.